Afisa Aliyelala Kiti cha Nyuma

Kwanza niseme alivyokuwa akilala, maana ndivyo nilivyomfahamu. Alipanda gari kama abiria yeyote, kikapu cha ukindu mkononi na kitenge begani, akaenda moja kwa moja mpaka kiti cha nyuma kabisa, kile ambacho hata wauza kuku wanakikwepa kwa jinsi kinavyomrusha mtu. Akafumba macho. Konda hajamaliza kuita watu wa mwisho, mama wa watu ameshazama usingizini, kichwa kimeegemea kioo, na usoni ana kitabasamu cha kumtia mtu wivu.

Nilimdhania mfanyabiashara wa maharage. Wakati huo nilikuwa na haisi, nikipiga njia ya Biharamulo na Ngara, kijana mwenye mguu mzito, na lami ya kutoka Lusahunga kwenda Nyakahura aliyewahi kuiendesha anajua inavyomshawishi mtu. Nikaikanyaga. Mara nahisi mkono begani. Mama wa maharage ametoka nyuma kabisa, amepita katikati ya watu mpaka kwangu, macho bado mazito.

"Mwanangu," akasema kwa sauti ya chini, "tangu Lusahunga nilikuwa nalala vizuri. Hapa umeniamsha."

Nikamwambia samahani mama, ni mashimo ya barabara.

"Hii barabara haina shimo hata moja. Punguza mwendo nirudi kulala. Ukiniamsha mara ya pili, nitaamka na kitambulisho."

Konda wangu, ambaye Mungu alimjalia mdomo kuliko akili, akamwuliza kitambulisho cha nini, cha kupigia kura? Mama akakitoa kwenye kikapu, chini ya mafungu ya nyanya chungu, akampa akisome mwenyewe. Konda alikaa kimya mpaka Ngara. Abiria waliotuzoea waliniuliza kama anaumwa.

Alikuwa afisa wa ile ofisi ya serikali inayosimamia magari ya abiria, inayotoa leseni za njia, kupanga nauli na kusikiliza malalamiko ya wasafiri. Sisi madereva ofisi yenyewe tuliiita Mamlaka, na yeye tukamwita Afisa, kana kwamba duniani hakuna afisa mwingine. Jina lake nalijua. Silitaji kwa sababu hata yeye akiwa kazini aliliweka kando. Ukimwita kwa jina aligeuka kutazama ni nani ameitwa.

Kabila lake tulilibishania miaka bila kupata mshindi. Mzee mmoja aliyepandia Lukole alimsalimia "Amahoro", basi wakapiga soga kwa Kirundi mpaka Ngara mjini kama watu waliolelewa nyumba moja. Akirudi Biharamulo alitaniana na wauza ndizi kwa Kisubi. Akikasirika alihamia Kihaya. Hilo la mwisho ndilo tulilolitilia maanani, na dereva yeyote aliyesikia Kihaya kutoka kiti cha nyuma alianza kutafuta pa kuegesha.

Usingizi wake ulikuwa ndio kipimo chake. Vilipokuja vile vidude vinavyopiga kelele garini ukizidisha mwendo, nilimtania kwamba sasa Mamlaka haimhitaji tena, aende akalale nyumbani kitandani. Akasema kidude kinajua mwendo tu. Hakijui dereva anayekata kona kama mtu anayemwaga maji ya vyombo, wala hakijui konda anayemtukana bibi kizee kwa kuchelewa kushuka. "Mimi nikilala kutoka Biharamulo mpaka Ngara bila kuota ndoto mbaya," akasema, "hilo gari halina kosa." Tangu hapo, nikimshusha, sikumwuliza kitu kingine ila amelalaje. Akisema amelala vizuri, siku nzima nilipiga mluzi.

Hakupenda kugombana barabarani. Alikuwa na njia zake, na njia zake zilikuwa mbaya kuliko faini. Kuna mwenzetu mmoja aliyekuwa na tabia ya kukatisha ruti. Amewapakia watu wa Ngara, akifika Nyakahura anaona abiria waliobaki ni wachache, anasema gari limeharibika, anawashusha hapohapo na kugeuza arudi alikotoka kwenye watu wengi. Siku moja aliwashusha na Afisa akiwemo. Dereva hakumjua. Afisa akashuka na wenzake, akamsikiliza kwa huruma kabisa habari za injini, kisha akavua viatu na kufunga kitenge kiunoni.

"Gari la mtu likiharibika, haliachwi njiani kama mzoga," akawaambia abiria. "Tulisukume mpaka kwa fundi."

Watu wa kwetu ukiwaambia wasaidie hawakatai. Wakalisukuma, wanaume nyuma, akina mama ubavuni, na Afisa mwenyewe akihesabu moja mbili tatu. Gari zima, lenye afya tele, likapandishwa mlima kwa mikono, dereva ndani ameshika usukani na jasho linamtoka kuliko wanaosukuma. Vijana wa bodaboda wakaegesha wakaja kuongeza nguvu. Mzee mmoja aliyekuwa akisukuma alisimama kupumua, akamwombea dereva kwa Mungu ampunguzie matatizo. Hapo ndipo dereva alipoishiwa nguvu, akawasha injini, ikanguruma mara moja bila hata kukohoa.

"Limepona," akasema Afisa, akavaa viatu vyake, akarudi kiti cha nyuma. Walifika Ngara. Yule mwenzetu mpaka leo hajakatisha ruti tena, na ukimtania kuhusu kusukuma gari anaondoka mezani na chai yake.

Lakini vita vyake vikubwa vilikuwa na chambo. Mtu asiye wa stendi hawezi kujua chambo ni nini, kwa hiyo nieleze. Kwetu gari tupu halipandiki. Abiria akiona gari halina watu, anajua atakaa humo mpaka jua limchome upande mmoja na kuanza wa pili, basi anasimama pembeni akisubiri wengine waanze kuingia. Na wengine nao wanamsubiri yeye. Ndipo wapiga debe wanapowaweka garini jamaa zao, mabegi mapajani, wakilalamika kwa sauti, "Dereva, tuondoke bwana, tumechelewa," ili gari lionekane linakaribia kujaa. Akiingia abiria wa kweli, chambo mmoja anashuka kana kwamba anaenda kununua maji, na harudi.

Afisa aliingia kwenye kosta moja ya namna hiyo pale stendi ya Ngara, imejaa pomoni. Akakaa, akaanza kusalimia watu mmoja mmoja.

"Hujambo, mwanangu. Unaenda wapi?"

"Shikamoo mama. Biharamulo."

"Marahaba. Kwa nani?"

"Kwa shangazi."

"Vizuri. Anaitwa nani? Biharamulo mashangazi wote nawajua."

Kijana akakumbuka kwamba ameacha simu kwenye chaji. Aliyefuata akakumbuka mtoto shuleni. Kila kiti Afisa alichokigeukia, mtu wake akapata shughuli ya ghafla, mpaka kosta ikabaki na watu wawili, yeye na mtawa mmoja aliyekuwa na debe la asali. Afisa akamwita mpiga debe dirishani. "Haya, abiria wako ndio hawa," akamwambia. "Mimi, sista na nyuki. Waambie watu ukweli, halafu uone kama hawatapanda." Mpiga debe akasimama pale hajui aanzie wapi, kwa sababu ukweli hakuwa ameuzoea. Watu walipanda lakini, kwa kucheka tu.

Msinifikirie kwamba alikuwa mtu aliyenyooka kila mahali. Mwanamke huyuhuyu aliyetaka nauli isiongezwe hata kidogo juu ya ile iliyopangwa, mpeleke sokoni uone. Mkungu wa ndizi aliuzunguka kama anayenunua ng'ombe. Alitaja bei, akaondoka, akarudi, akaondoka tena, mpaka muuzaji mwenyewe akamwomba achukue aende zake. Siku moja nilimwuliza kwa nini sokoni haitaki bei ya kupangwa.

"Ndizi naweza kuziacha," akasema. "Mgonjwa wa kijijini Bisibo hawezi kuliacha gari."

Nilikuwa nimejiandaa kucheka, nikakosa pa kuchekea.

Na hiyo Bisibo ndiko alikoshindwa na bibi mmoja. Sheria aliyoihubiri kila siku ni kwamba mizigo isikae mahali pa abiria kupita, iende kwenye buti au juu. Bibi akapanda na maboga, akakataa katakata yawekwe juu. Alisema ameyalea tangu yakiwa maua, hawezi kuyaacha yakae peke yake. Konda akamgeukia Afisa, akijua leo sheria itafanya kazi. Afisa akalipokea boga kubwa kuliko yote, akalipakata. "Mzigo usikae njiani," akasema. "Mapajani pangu si njia." Wakasafiri hivyo, na siku hiyo hakulala, kwa sababu bibi alimwamsha kila mara akague boga.

Jambo jingine, alikuwa akiogopa bodaboda kama mtoto anavyoogopa sindano. Mtu aliyewahi kuwasimamisha madereva wa mabasi makubwa akiwa na kikapu tu mkononi. Ikibidi apande, alifumba macho na kusali rozari kwa sauti kutoka mwanzo wa safari hadi mwisho. Kijana mmoja wa Kiislamu wa pale Biharamulo, aliyembeba mara nyingi, alituambia kwamba sasa anaweza kuitikia Salamu Maria vizuri kuliko wajukuu wa Afisa.

Sasa nifike Nyantakara, maana huko ndiko anakonidai.

Mama yangu anaishi Nyantakara. Ana presha, na kila mwezi ana siku yake ya kliniki Biharamulo. Kwa miaka mingi watu wa kule walisafiri juu ya magunia ya mahindi kwenye fuso, au kwa bodaboda, au kwa michomoko, vile vigari vidogo vinavyopakia watu mpaka kwenye buti na kuondoka vinapotaka. Hakuna mwenye basi aliyeitaka njia ile. Vumbi kiangazi, matope masika, abiria wa kubahatisha. Hata mimi mwana wa kule sikuitaka. Nilikuwa nimeuza haisi nimenunua kosta, na nilikuwa nimeiombea leseni ya kwenda Ngara, kwenye lami.

Mamlaka ikaitisha mkutano wa wadau pale Biharamulo. Tulikaa kwenye viti vya plastiki, wenye magari upande mmoja na wasafiri upande wa pili, Afisa mbele. Watu wa Nyantakara wakaomba gari. Kila mwenye gari akaanza kutazama paa, na mimi nikiwa mmoja wao. Kisha nikasikia sauti ninayoijua tangu tumboni.

"Mimi nimezaa deleva," akasema mama yangu, ambaye kwake r na l ni ndugu. "Na hapa nimekuja juu ya magunia. Deleva wangu yule pale, anahesabu mabati."

Ukumbi ukaangua kicheko. Sikujua kwamba mama amekuja. Nilimwona amesimama na vumbi la fuso kwenye kanga yake nzuri, ile ya kanisani, na nikaona aibu mpaka masikio yakawaka. Afisa hakucheka. Alimtazama mama, akanitazama mimi.

"Dereva, simama. Unaomba njia ya Ngara. Njia ya Ngara magari yanagongana vioo kwa wingi. Mamlaka inaweza kukupa kibali cha muda cha Nyantakara, msimu mmoja wa kujaribu. Gari liondoke kule saa moja asubuhi, lirudi saa nane mchana, lijae lisijae. Watu wakipanda, unapata leseni kamili. Wasipopanda, kibali kinaisha na njia inafungwa. Sikulazimishi. Sheria hainipi nguvu ya kukulazimisha. Mama yako ndiye anayo."

Nikakubali. Ningefanyaje?

Hapo ndipo tatizo lilipoanza, na lilikuwa tatizo la kwetu hasa. Asubuhi ya kwanza niliegesha kosta karibu na mashine ya kusaga ya Nyantakara, imeoshwa inang'aa. Watu walikuwa wengi, wamejipanga ukutani, wanaitazama. Hakuna aliyepanda.

"Karibuni garini," nikawaambia. "Naondoka saa moja."

"Ndiyo, likijaa tutakuja."

"Silingoji kujaa. Naondoka saa moja."

"Sawa kabisa. Likijaa."

Ilipofika saa moja nikaondoka na viti vyangu. Jioni mzee mmoja alikuja kunipa pole. "Usijali, mwanangu," akasema. "Leo umesahau abiria, kesho utakumbuka." Kesho nikaondoka tupu tena, na kesho kutwa, na watu wakiendelea kupanda fuso. Walinipenda sana. Walinipungia mikono nikiondoka. Lakini kupanda gari tupu hawakuweza, kwa sababu maisha yao yote gari tupu lilikuwa na maana moja tu. Mimi nikaanza kulala vibaya. Niliwaza kibali kinakwisha, njia inafungwa, na mama anarudi juu ya magunia, safari hii kwa kushindwa kwangu.

Nikampigia simu Afisa, nikaomba aniruhusu chambo, siku chache tu, watu wanizoee.

Alijibu kwa Kihaya, maneno mengi, na simu ikakatika.

Keshoye nilimkuta stendi ya Biharamulo na kikapu chake, akapanda nami kurudi Nyantakara, akalala kwa mama. Asubuhi walitoka wote wawili, wamevaa kama waendao harusini, wakapanda kosta tupu wakakaa viti vya mbele, madirisha wazi. Mama akaanza kumsimulia habari zangu za utotoni. Jinsi nilivyokuwa naendesha gari la mgomba kuzunguka nyumba nikipakia kuku, na kuku mmoja aliyekataa kushuka. Afisa akacheka. Ana kicheko kinachoanza taratibu halafu kinakimbia, na mama yangu akisikia mtu anacheka, hadithi inaongezeka urefu. Watu wa ukutani wakasogea wasikie. Mmoja akaingia ndani asikie vizuri. Wa pili akaingia kwa sababu wa kwanza ameingia. Nilikuwa nimeshika usukani, nasikia siri zangu zote zikitangazwa, na sikuwahi kufurahi hivyo katika maisha yangu ya udereva.

Saa moja ikafika, nikaondoa gari. Walikuwamo watu ambao hawakuwa na safari. Bwana mmoja alikuwa amekuja kusaga muhogo wake, akashtukia yuko Biharamulo na debe mapajani. Akausagia mjini, na jioni akawaambia wenzake kwamba unga wa mjini ni laini.

Tulipofika nilimwuliza Afisa, sasa yeye na mama hawakuwa chambo?

"Chambo hushuka," akasema. "Sisi tumefika."

Alirudia hivyo siku kadhaa, mpaka likizo aliyokuwa ameiomba ikaisha. Kwa mama alikuwa amepata rafiki. Mimi nilipata abiria. Taratibu watu wakagundua kwamba saa moja ni saa moja, wakaanza kupanga mambo yao kwayo. Wagonjwa walijua watafika hospitali mapema, wauza nyanya walijua watalikuta soko lingali na watu. Waliokuwa wakiishi mbele ya njia, kule darajani, hawakukaa tena barabarani toka alfajiri. Walitoka nyumbani kwao wakijua wanalikuta gari. Msimu ulipokwisha nikapewa leseni kamili, na fuso likabaki na magunia yake.

Mwaka jana Afisa akastaafu. Wapiga debe wa Biharamulo, watu aliowafukuza nusu ya maisha yake, walimchangia kitenge na kumfanyia sherehe ya soda pale stendi. Mmoja wao, aliyekuwamo kwenye ile kosta ya Ngara, alimletea salamu za shangazi. Afisa alicheka mpaka akakaa chini.

Walipomaliza kumuaga walinijia mimi. "Sasa mwenye saa ameondoka," wakaniambia. "Ngoja wajae, ule kama wenzako." Nilicheka nao, ila neno lile liliniingia. Na mimi nilikuwa na hofu hiyohiyo. Afisa mpya alikuwa kijana mzuri, lakini Nyantakara alikuwa hajafika. Niliona dakika zikianza kunivuta. Mtu anapiga simu, "Nisubiri, nafunga mlango." Mwingine anatuma salamu kwamba anakunywa chai. Nilijua nikilegeza kidogo, siku moja watarudi ukutani, na tutakuwa pale tulipoanzia. Sikujua ile saa ilikuwa yetu au ilikuwa yake tu.

Mwaka huu, baada ya mavuno ya mahindi, alikuja kumtembelea mama. Alikaa wiki nzima, wakipukuchua mahindi na kuwasema watu. Siku aliyopanga kuondoka ilikuwa siku ya kliniki ya mama. Asubuhi mama akaja na fimbo yake, akapanda peke yake.

"Mwenzako yuko wapi?" nikamwuliza.

"Anaaga majilani. Kila nyumba anayoingia wanampa uji."

Gari lilikuwa na watu wa kutosha, wamekaa, wametulia. Saa moja ikafika. Nikatazama njia inayotoka kwa mama, ile inayopita kwenye migomba. Hakuna mtu. Nikashika gia, nikaiachia. Ndipo akatokea juu kabisa, mbali bado, kikapu kimoja mkononi na kuku ameongezeka mkono wa pili, anakimbia kama wanavyokimbia wanawake wa umri wake, mwili unakwenda pande zote.

Kila mtu garini alimjua. Kila mtu garini alikuwa amepanda kwa sababu yake. Na ni mtu mzima, mgeni wa mama yangu, ambaye kwa desturi zetu hata akichelewa nusu siku unamngoja na shikamoo unampa. Konda akanitazama. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni, viti vya nyuma, akasema taratibu, kama anayeomba radhi:

"Kaka dereva, dada yangu yuko darajani. Uchungu umemshika tangu alfajiri. Nimemwambia gari litafika."

Nikamgeukia mama yangu, maana yule alikuwa rafiki yake. Alikuwa ametazama mbele, fimbo katikati ya magoti.

"Ondoa gali, mwanangu," akasema. "Akikukuta bado uko hapa, atatugombeza wote."

Nikaondoa. Kwenye kioo nilimwona akipunguza mbio, akasimama katikati ya vumbi letu. Nilijisikia vibaya, sisemi uongo. Akaweka kikapu chini, akamweka na kuku chini. Akainua mikono yote miwili. Na juu ya mngurumo wa injini, sisi tuliokuwa karibu na madirisha tukakisikia kigelegele.

Darajani tulimkuta mzazi amesimama ameshika mti, tayari kwa safari. Alifika hospitali vizuri, na kabla sijageuza kurudi saa nane nilipata habari kwamba ni mtoto wa kike.

Jua lilikuwa bado halijazama nilipomfikisha mama nyumbani. Afisa alikuwa jikoni, amefunga kile kitenge cha wapiga debe, amepika ugali na yule kuku aliyepewa. Nikasalimia nikiwa bado mlangoni, sithubutu kuingia.

"Shikamoo, Afisa."

"Marahaba. Umeniacha."

"Nimekuacha. Kulikuwa na mzazi darajani. Nisamehe, mama."

"Kajifungua?"

"Wa kike."

Akapakua mboga bila haraka, akalisogeza bakuli upande wangu.

"Ofisini waliniaga mwaka jana," akasema. "Wakasema maneno mazuri, wakanikatia na keki. Lakini kila asubuhi ikifika saa moja, popote nilipo, nilikuwa najiuliza kama gari la Nyantakara limeondoka." Akaketi kwenye mkeka karibu na mama, akanyoosha miguu. "Leo ndiyo nimestaafu."

Mama akanimwagia maji, nikanawa mikono, tukala.